Mbaazi ya kwenye insha ndiyo nzuu ya shambani

Majuzi nilialikwa kuzungumza na wanafunzi wa kidato cha tatu katika shule moja ya kutwa, Kaunti ya Makueni. Mada ilikuwa uandishi wa insha. Badala ya kuanza na mahubiri ya muundo na alama, niliwapa zoezi dogo: kila mmoja aandike aya moja tu kuhusu chakula alichokula nyumbani jana usiku.

Karatasi ziliporudi, nilizisoma papo hapo. Wa kwanza alikuwa amekula pilau ya mbuzi na kachumbari. Wa pili, biriani. Wa tatu aliketi mbele ya "mapochopocho ya kila sampuli", mahamri na mbaazi za nazi, mate yakimdondoka. Nikawauliza, "Jana ilikuwa Jumanne. Ni kwa nani kulikuwa na arusi Jumanne?" Darasa zima likaangua kicheko. Kijana mmoja wa nyuma akasema, "Mwalimu, kusema ukweli sisi tulikula isyo. Lakini hiyo haiwezi kuandikwa kwa insha!"

Karatasi moja ilinigusa zaidi. Msichana alikuwa ameandika "muthokoi na nzuu", kisha akayakata maneno hayo kwa mistari miwili na kuandika juu yake "wali na maharagwe". Nilipomuuliza sababu, alinijibu kwa sauti ya chini, "Mwalimu, hiyo si Kiswahili."

Hapo ndipo penye kiini cha makala ya leo. Mtoto yule hakudanganya kwa kupenda uongo. Tumemfundisha, bila kumwambia waziwazi, kwamba Kiswahili kina chakula chake na kwao kuna chakula kingine, na kwamba hivyo viwili havikutani. Nataka kuonyesha kuwa vinakutana, tena ndani ya sufuria moja.

Tuanze na hiyo nzuu. Neno hili la Kikamba ni jina la mbegu ambayo wataalamu wa mimea huiita Cajanus cajan. Kwa Kiswahili ni mbaazi. Naam, ni mbaazi ileile ya mahamri! Tofauti ni mapishi tu. Mpwani huitia tui la nazi na kuila asubuhi pamoja na mahamri. Mkamba huipika na muthokoi au isyo, au huichemsha ikiwa mbichi na kuitafuna hivyohivyo. Makueni, Kitui na Machakos ndizo ngome za mbaazi nchini Kenya. Kwa hiyo mwanafunzi aliyejisingizia mbaazi za nazi ili aonekane amekula cha Kiswahili alikuwa ameiacha mbaazi yenyewe jikoni kwa mama yake.

Niliwauliza tena: "Nani anajua methali ya mbaazi?" Mikono ikainuka kama msitu. Wakaitaja kwa pamoja: mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Nikauliza, "Nani amewahi kuuona mbaazi?" Mikono miwili. Nikaelekeza kidole dirishani. Ng'ambo ya ua wa shule kulikuwa na shamba la jirani, na mimea yenyewe imesimama imefika kifuani mwa mtu mzima, mingine ina maua ya manjano. "Aah, mwalimu, si hiyo ni nzuu!"

Tazama pia sarufi ya methali hiyo. Wengi husema "mbaazi ikikosa maua", kana kwamba ni mbegu inayozungumziwa. Mbegu haitoi maua. Methali inazungumzia mmea, na mmea huo uko katika ngeli ya U-I: mbaazi huu, mibaazi hii. Ndiyo maana ni "ukikosa". Mbegu zake ndizo zilizo katika ngeli ya I-ZI: mbaazi hii, mbaazi hizi. Mtoto anayeujua mmea kwa macho haihitaji kanuni hii kuikariri, kwa sababu anaiona.

Sasa tuje kwenye ndengu, ambako mambo yana utata zaidi. Karibu kila Mkenya anajua kuwa ndengu ni zile punje ndogo za kijani (Vigna radiata). Katika Kaunti ya Kitui, ndengu zimekuwa hata suala la siasa na uchumi. Serikali ya Gavana Charity Ngilu, iliyokuwa madarakani kati ya 2017 na 2022, iliendesha kampeni kubwa ya kuwahimiza wakulima wapande zao hilo linalokomaa haraka na kustahimili ukame. Neno ndengu likaandikwa kwenye mabango na magunia.

Lakini fungua kamusi ya Kiswahili utafute ndengu. Huenda usiione, utakutana na dengu. Ukidhani umepata, umepotea. Dengu ya kamusi si ndengu ya Kitui. Kule Tanzania, dengu ni zile punje nono zaidi za rangi ya kahawia isiyokolea, ambazo Wahindi huziita chana (Cicer arietinum). Ndengu zetu za kijani, Mtanzania huziita choroko. Mombasa utasikia pojo. Zile bapa ambazo Wakenya wengi huziita kamande ni zao jingine tena. Hebu fikiria mfanyabiashara wa Kitui akimpigia simu mwenzake wa Arusha na kuagiza magunia kumi ya "dengu". Kila mmoja anazungumza Kiswahili, kila mmoja ana yakini na anachosema, na bado lori litafika na mzigo ambao hakuna aliyeutaka.

Je, ndengu ni kosa? Sioni hivyo. Neno linalotumiwa na mamilioni ya watu kwa maana moja isiyobadilika haliwezi kuwa kosa kwa sababu tu lilizaliwa bara. Lililo kosa ni kuliandika "dengu" kwa kudhani kuwa herufi n ni lafudhi ya Kikamba inayohitaji kusahihishwa. Nimewahi kuona kalamu nyekundu ikifanya hivyo kwenye daftari la mtoto, na maana yote ikageuka. Ushauri wangu ni kwamba mwanafunzi ajue yote matatu, ndengu, pojo na choroko, na ajue yanatumika wapi.

Nao wanaodhani punje hizi hazina hadhi katika Kiswahili, nawakumbusha neno mseto. Kabla ya kuwa neno la siasa, mseto kilikuwa chakula: mchele uliopikwa pamoja na choroko, yaani ndengu, mpaka vikashikana. Mwaka 2008 Kenya ilipopata serikali ya pande mbili zilizokuwa zimetoka kuhasimiana, wanahabari waliiita serikali ya mseto. Wapo waliolitamka neno hilo kwa miaka mitano mfululizo bila kujua kwamba walikuwa wakitaja mchele na ndengu.

Tugeukie muthokoi, lile neno lililokatwa kwa mistari miwili. Hapa hali ni tofauti na ya nzuu, kwa sababu Kiswahili cha Kenya hakina neno moja linalotosha. Muthokoi hutengenezwa hivi: mahindi makavu hutiwa kwenye kinu, hunyunyiziwa maji kidogo, kisha hutwangwa kwa mchi mpaka ganda la juu litoke. Halafu hupepetwa ili makapi yaruke na punje nyeupe zibaki. Siku hizi wengi hupeleka kwenye mashine. Punje hizo hupikwa pamoja na mbaazi, kunde (ambazo kwa Kikamba ni nthooko) au maharagwe.

Tazama vitenzi vilivyotumika: kutwanga, kupepeta, na kile kinachojumlisha kazi yote, kukoboa. Kukoboa ni kuondoa ganda la nafaka. Watanzania wanakitumia kitenzi hiki kila siku. Unga wa mahindi yaliyokobolewa ni sembe, na wa mahindi yasiyokobolewa ni dona. Katika madarasa yetu ya Kenya kitenzi hiki kinakaribia kufa. Wanafunzi husema "kutoa maganda", kama vile mahindi ni ndizi.

Tofauti kati ya githeri na muthokoi imo ndani ya kitenzi hicho kimoja. Githeri, au isyo kwa Kikamba, ni mahindi yasiyokobolewa. Muthokoi ni mahindi yaliyokobolewa. Mchanganyiko wa mahindi na maharagwe una majina ya Kiswahili pia: pwani tunalo neno pure, na Tanzania wana makande, ambayo mara nyingi hupikwa kwa mahindi yaliyokobolewa. Ukimpakulia Mpare wa kule ng'ambo ya mpaka sahani ya muthokoi, atakwambia, "Haya si makande?" naye hatakuwa mbali na ukweli.

Basi tuandike muthokoi au makande? Ukiwa Kitui, andika muthokoi bila kuomba radhi. Kiswahili hakikuomba radhi kilipochukua chapati na biriani kutoka Bara Hindi. Kama neno linaloweza kusafiri kuvuka bahari lina haki ya kukaa mezani, sembuse lililotoka Mwingi?

Msomaji mmoja aliwahi kuniuliza: ni "muthokoi huu" au "muthokoi hii"? Katika mazungumzo wengi husema "hii", kwa sababu Wakenya huyatupa maneno mengi ya mkopo katika ngeli ya I-ZI. Ndivyo tulivyolifanyia githeri: twasema "githeri hii imeiva". Lakini muthokoi una mu- mwanzoni, na katika Kikamba chenyewe upatanisho wake ni wa u-. Unakaa vizuri kando ya mchele huu na muhogo huu. Mimi naandika: muthokoi huu umeiva, muthokoi umechacha. Anayesema "hii imeiva" naye nitamwelewa, na nitakula.

Nakiri kwamba sikuanza kuupenda mara moja. Mimi nimezaliwa Magharibi, ambako chakula ni ugali na vingine ni vitafunio. Nilipopata kazi ya kufundisha Kitui, miaka mingi iliyopita, jirani yangu, mama mmoja mtu mzima niliyemwita Mwaitu kama walivyomwita wote, alinitumia bakuli la muthokoi jioni ya kwanza. Nililitazama nikajiambia hii ni githeri iliyochujuka rangi. Kesho yake asubuhi akanipa uji uliotiwa maji ya ukwaju. Nilipiga funda moja, nikafumba jicho moja. Akacheka sana. "Mwalimu, kunywa polepole. Utazoea." Mwezi ulipoisha nilikuwa naupelekea uji huo kikombe mwenyewe.

Nami nililipa fadhila. Niliporudi kutoka likizo ya Aprili nilimletea kifurushi cha kumbikumbi waliokaangwa na kutiwa chumvi kidogo, ambao kwetu tunawaita tsiswa. Alikifungua, akakifunga, akanitazama. "Hawa ni wadudu, mwalimu." Nikamwambia, "Ni kumbikumbi, Mwaitu." Alichukua mmoja kwa ncha za vidole, akamtafuna kwa mashaka, akachukua wa pili. Wa tatu hakumchukua kwa ncha za vidole.

Nimekumbuka kisa hiki kwa sababu kina funzo la lugha. "Wadudu" na "kumbikumbi" yote ni Kiswahili sanifu, na yote ni kweli. Lakini neno la kwanza linamweka mla nje ya kundi la watu wenye akili timamu, na la pili linamweka mezani. Kumbikumbi ni mchwa wenye mabawa wanaotoka ardhini mvua inapoanza; wameliwa Afrika Mashariki tangu enzi na enzi, na lugha imewapa jina lao. Hakuna chakula kilichozaliwa kikiwa "cha ajabu". Uajabu huwa kinywani mwa anayekionja mara ya kwanza. Wapo pia watu wa bara wanaomwona Mpwani anayekula pweza kuwa ndiye wa ajabu.

Kiswahili kina vitenzi vya kumsaidia mtu wa aina hiyo, nasi tunavitumia ovyo. Kuonja ni kujaribu kidogo ili kupata ladha, si kula. Kutafuna ni kazi ya meno. Kumumunya ni kukizungusha kitu mdomoni bila kukitafuna, na hicho ndicho tunachokifanya kwa mabuyu. Hapo pia kuna mfumo mzuri ambao wanafunzi wa Kibwezi na Mtito Andei, wanaopita chini ya mibuyu kila siku, wangepaswa kuumiliki. Mti ni mbuyu, wingi mibuyu. Tunda ni buyu, wingi mabuyu. Ule ungaunga mchachu ulioshikamana na mbegu ndani ya tunda ni ubuyu. Zile mbegu za rangi nyekundu zinazouzwa barabarani, Wakenya tunaziita mabuyu. Vivyo hivyo, mkwaju ni mti na ukwaju ni tunda lake. Unabadilisha kiambishi na lugha inakutenganishia mti, tunda na unga.

Hadi hapa msomaji anaweza kusema: sawa, lakini haya ni mambo ya madaha ya insha. Kuna hasara gani mtoto akiandika pilau badala ya muthokoi? Ngoja nikupeleke mwaka 2004.

Mwaka huo, katika wilaya za Makueni na Kitui hasa, watu walianza kuugua. Macho yaligeuka manjano, matumbo yakafura, maini yakashindwa kufanya kazi. Wengi walikuwa wamekula mahindi yao wenyewe, yaliyohifadhiwa majumbani kabla ya kukauka vyema na kuota kuvu. Wagonjwa waliojulikana walikuwa 317. Waliokufa walikuwa 125. Ni mojawapo ya mikasa mibaya zaidi ya aina hiyo kuwahi kurekodiwa duniani.

Sumu iliyowaua huitwa aflatoksini. Neno hilo liliundwa na wanasayansi kutokana na jina la kuvu linaloitoa, Aspergillus flavus, na neno la sumu: a, kisha fla, kisha toksini. Kwa mwanasayansi neno hilo lina maana ndani yake. Kwa mkulima wa Kathonzweni ni sauti tu, kama jina la dawa. Halimwambii atazame nini wala aogope nini.

Kiswahili kina neno lake, nalo hutumika Tanzania katika kampeni za kilimo na afya: sumukuvu. Sumu na kuvu. Ukilisikia mara moja umeshapewa nusu ya maelezo: ni sumu, na inatoka kwa kuvu. Kwa hiyo ukiona kuvu kwenye mahindi, simama. Inabaki kuelezwa kwamba sumu yenyewe haionekani kwa macho, kwamba punje safi kwa kutazama zinaweza kuwa nayo, na kwamba kuchemsha hakuiondoi. Kinga kubwa ni kukausha mahindi barabara kabla ya kuyahifadhi, na kuyaweka mahali pasipo unyevu.

Na hapa muthokoi unarudi. Sehemu kubwa ya sumukuvu hukaa kwenye tabaka za nje za punje, na watafiti nchini Kenya wameonyesha kwamba kukoboa mahindi hupunguza kiwango chake. Kunapunguza tu, hakumalizi. Mahindi yaliyoharibika hayafai kuliwa hata yakikobolewa. Lakini zingatia jambo hili: ile kazi ya kinu na mchi ambayo msichana yule aliiona kuwa haina Kiswahili, inayo neno la Kiswahili, na neno hilo ni la afya. Afisa wa kilimo anayetaka kueleza jambo hili kwa wananchi anahitaji kitenzi kukoboa kiwe hai vinywani mwao. Kitakuwaje hai iwapo shuleni tunawafundisha kuandika biriani tu?

Baada ya mkutano na wanafunzi nilipitia soko la Wote kununua pojo, samahani, ndengu. Mama aliyekuwa akiuza mahindi alimsikia mtu akitaja aflatoksini redioni. Akaniuliza, "Hiyo ni ile sumu ya mahindi, sivyo?" Nikamwambia, "Ndiyo, mama. Kwa Kiswahili ni sumukuvu." Alilirudia neno lile mara mbili, kisha akasema, "Hiyo sasa inasikika. Kuvu naijua." Akachota mahindi kwa kiganja, akayageuzageuza, akayatazama upya.

Kwa walimu wenzangu, nina ombi dogo. Mwanafunzi akiandika nzuu, usikate. Mwandikie pembeni: mbaazi. Akiandika nthooko, mwandikie: kunde. Akiandika ndengu au muthokoi, pita. Neno la nyumbani lenye mwenzake wa Kiswahili limpatie mtoto maneno mawili, na lisilo na mwenzake likiongezee Kiswahili neno moja. Pilau tuiachie siku za pilau.

Msichana yule nilimrudishia karatasi yake nikamwomba aiandike upya. Alichukua dakika tano. Aya yake ya pili ilisema kwamba mama yake aliukoboa muthokoi siku ya Jumapili, kwamba waliupika na mbaazi kutoka shambani, na kwamba yeye hupenda ule uliolala, unaopashwa moto asubuhi. Nimesoma insha nyingi zenye mapochopocho, na hakuna hata moja iliyowahi kunitia njaa. Hii ilinitia.

Nawe msomaji, jana ulikula nini?